Mtihani wa Mdomo

Jumanne, 2 Juni 1964

Wakati uliopita tena. Go, went, gone. Mwalimu Andayi anasoma, sisi tunarudia. Ukumbi wa kanisa una baridi, na magoti yananiuma kwa kupiga deki wodi ya wanawake tangu asubuhi. Niliandika zoezi lote bila kosa. Selina alikosea, akacheka. Mimi sichekangi na kosa.

Mwalimu anataka kila mtu aandike shajara kwa Kiingereza. Ninayo. Hii nyingine ni ya Kiswahili na hakuna atakayeisahihisha.

Ijumaa, 5 Juni

Tangazo limebandikwa hospitalini. Wanatafuta wasichana wa kusomea uuguzi. Mtihani wa Kiingereza, wa kuandika na wa mdomo. Umri usizidi miaka ishirini na mitano. Mwezi wa tisa natimiza ishirini na sita. Basi ni sasa, au ni ndoo na tambara mpaka uzee.

Watu wanasema tumepata uhuru, Wazungu wanaondoka, nafasi zimefunguka. Zimefunguka kwa mwenye Kiingereza.

Tumejiandikisha mimi na Selina.

Jumatano, 10 Juni

Mazoezi chumbani. Selina na mimi tunafanya kazi wodi moja na tumepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Yeye alisomea bweni kwa masista. Ulimi wake mwepesi.

Leo alinisimamisha katikati ya sentensi.

"Robai, hapo umesema unacheza. Ulitaka kusema unaomba?"

Nilidhani nimesema naomba. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatengana kwa herufi moja tu, pray na play. Masikioni mwangu ni neno moja. Nyumbani hatutofautishangi. Mama mwenyewe ananiita Lobai.

Nilirudia mpaka taya ikachoka. Mara linatoka, mara halitoki. Sijui lini limetoka. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumapili, 14 Juni

Nyumbani, karibu na Mukumu. Mama amekwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba binti yake atakuwa sista wa hospitali. Waliniombea nikiwa nimepiga magoti mbele ya wote. Kisha alichinja ingokho. Jogoo mzima, kwa mtihani ambao sijaufanya. Nilikula kidogo. Mama alisema nimekonda kwa kusoma.

Nilitaka kumwambia asitumaini sana. Sikuweza.

Alhamisi, 18 Juni

Imekwisha.

Asubuhi kuandika. Nilijua kila kitu. Kauli ya kutendwa, viunganishi, vyote. Nilimaliza mapema nikapitia tena.

Alasiri mdomo. Bwana mmoja Mwafrika mwenye tai, na bibi wa Kizungu. Bibi aliniuliza nafanya nini nikimaliza kazi. Nilijibu kwamba kila jioni nawaombea wagonjwa. Bwana akauliza ni mchezo gani. Sikuelewa. Nikasema nafanya hivyo pamoja na Mungu. Bibi aliinamisha kichwa. Bwana alicheka, si kwa ubaya. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajaribu kulisema upya, polepole, na najua lilitoka vilevile.

Baada ya hapo kila neno lenye herufi hizo nililikwepa. Nikawa nasema vipande. Kama mtoto.

Selina alitoka akitabasamu. Nimemchukia jioni nzima. Hajanikosea lolote.

Jumatano, 24 Juni

Selina amepita. Mimi hapana.

Bibi yule aliniita pembeni kunieleza. Alama zangu za kuandika zilikuwa za juu kuliko za wote. Lakini wodini, alisema, neno moja likisikika vibaya, mgonjwa anapewa dawa isiyo yake.  Alisema kweli. Afadhali angekuwa mbaya.

Selina alilia kuliko mimi. Tulipika obusuma, ugali wetu, tukala.

Mama bado hajui.

Jumapili, 28 Juni

Nimemwambia Mama. Aliuliza, "Si uliandika vizuri?" Nikasema ndiyo.  Alienda kufungia kuku, akakawia huko nje.

Jumatatu, 6 Julai

Selina alihamia bweni la wanafunzi Jumamosi. Sijarudi kwa Mwalimu Andayi.

Leo wodini. Mama mzee wa Shianda, kaletwa juzi na tumbo. Daktari alisimama kando ya kitanda chake akizungumza na sista kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwelewa. Mimi nilikuwa napiga deki chini ya kitanda cha jirani. Nilielewa kila neno. Hawatampasua. Uvimbe umeenea. Mwezi huu hataumaliza.

Walipoondoka mama mzee alinigeukia.

"Mwanangu, amesema nini?"

"Amesema upumzike, Mama."

Alishukuru. Nilimpa maji, akanywa kidogo. Akauliza kama kesho atarudi nyumbani, maana ameacha maharagwe juani.

Nilimwambia bado.