Tochi Nne Zimeishia Ghorofa ya Sita

Chumba cha Mafundi,
Ghorofa ya Chini.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto je, kikohozi kimewaachia? Huku tunakula na tunalala, tunashukuru. Mimi tu ndiye mwenye hasira, na nakwambia mapema usije ukadhani nimekuandikia salamu.

Jumatano asubuhi nilipanda ngazi hadi ghorofa ya kumi na mbili, maana lifti ilikuwa imesimamishwa chini kwa ukaguzi. Nikamkuta Baba kapiga magoti kwenye mlango wa lifti ulio wazi, anamulika shimoni. Mkononi ana tochi zako zote nne, kazifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli. Nami mjinga miaka hii miwili nilidhani unazituma kwa kumkumbuka mzazi.

"Mdogo wako kaniandikia," akasema, "kama moja inanionyesha ghorofa tatu, nne zitanionyesha kumi na mbili. Mbona naona sita tu?"

Sita tu, Profesa mdogo wangu, kwa sababu mwanga hutawanyika kadiri unavyokwenda. Ukuta ukiwa mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, utaupaka kwa kopo moja la rangi? Unataka makopo manne. Basi tochi nne zinaongeza mwanga mara nne, lakini umbali mara mbili tu. Hapo karibu ukuta uling'aa mpaka Baba akafumba macho. Kule chini, nyaya zinakofungwa juu ya paa la lifti, giza totoro.

Nikamuuliza kwa nini hashuki kusimama juu ya lifti akakagua kwa mkono, kama alivyofanya miaka ishirini na minane. Akasema goti. Nikamwambia Baba, goti halitazami. Ndipo akakaa sakafuni akaniambia ni macho, mwaka wa pili huu, na kwamba wewe unajua. Tena wewe ndiye uliyemshauri nisiambiwe!

Funika kombe mwanaharamu apite, hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni. Ulivunja taa ya Mama ukaifunika kwa kitambaa. Safari hii umemfunika baba yetu.

Nilifungua daftari la ukaguzi. Alikuwa ameshaandika "Nyaya zote nzima" na kutia sahihi, maandishi yamepanda juu ya mstari. Nikashuka, nikasimama juu ya lifti na tochi yangu moja, ile kuukuu, kwa umbali wa mkono. Waya mmoja umekatika nyuzi nane. Nilipoupapasa ukanichania glavu.

Lifti hiyo anapanda mkunga wa ghorofa ya kumi. Wanapanda watoto wa chekechea ya ghorofa ya saba, kumi kwa mara moja, wakishikana mikono. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa wangekufa wengine. Nimelia kwa hasira, ndugu yangu, na bado sijamaliza.

Lifti nimeifunga. Wapangaji wananitukana ngazini na ndoo zao za maji. Msimamizi wa jengo nimemwambia waya umechakaa, basi. Ya macho sijasema. Nimekuwa mwongo kama nyinyi, na sitakubali kuwa hivyo muda mrefu.

Baba anakusikiliza wewe, mimi ananiona mtoto wa kubeba spana. Kwa hiyo njoo kabla ya mwisho wa mwezi. Umpeleke kwa daktari wa macho, kisha aende kwa msimamizi kwa miguu yake na kulirudisha daftari, aiache kazi mwenyewe. Usipokuja nitakwenda mimi, naye atatolewa kwa aibu kwenye kazi iliyotulea. Hilo sitakusamehe.

Mama mdogo anakusalimu. Nisalimie wifi na watoto. Wao hawana kosa.

Baba naye anakusalimu sana. Yuko mezani hapa, anadhani namwandikia barua yake kwako. Amekokotoa nyuma ya boksi la balbu, na hesabu yake ni sahihi kabisa: kufika ghorofa kumi na mbili zinahitajika tochi kumi na sita. Anaomba umtumie nyingine kumi na mbili.

Mungu akulinde njiani.

Dada yako akupendaye, hata leo.