Pedali Mbili na Mkono wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nina ombi, na nakuomba ulisome hili ukiwa umefunga mlango. Usimsomee shemeji barua hii, hata akikuuliza unacheka nini peke yako. Usiipige picha ukamtumia mtu. Na zaidi ya yote, Mjomba asilisikie hata neno moja mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu iwe imepita. Unanijua nilivyo, mtu wa kufunga mlango kisha nikarudi kuusukuma nihakikishe umefungika. Nikikuomba siri, ujue nimeshafikiria kila mahali inapoweza kuvujia.

Baada ya hilo, shikamoo dada. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Je, yule mdogo kifua kimemwachia? Na zamu zako za hospitali zimepungua, au bado mnafanyishwa kazi kama punda? Sisi huku tu wazima. Mama hajambo kabisa. Kidonda kimefunga, na mguu wa bandia ameuzoea kiasi kwamba akitaka chai anaugonga nao mguu wa meza, mlio unafika mpaka jikoni. Nikichelewa ananiuliza kama nimekwama kwenye foleni. Anakusalimu sana, ingawa hajui kama nakuandikia haya.

Dada, nakuandikia kuhusu gari.

Unakumbuka kikao cha pale sebuleni, maana ulikuwepo kwa simu, tumekuweka juu ya meza kwa sauti kubwa. Mama alisema kwamba amekaa kiti cha pembeni maisha yake yote, ndani ya kile kigari cha kufundishia chenye kibao juu ya paa, mguu wake ukiwa umening'inia juu ya breki ya mwalimu, akiwatazama wengine wanaendesha. Amefundisha nusu ya mji huu. Sasa shule ameifunga, kisukari kimechukua mguu wa kushoto, na kabla hakijachukua kingine anataka gari lake mwenyewe. Tena si kigari cha kwendea sokoni. Anataka gari la spoti, la milango miwili, lenye injini ya kukuamsha, na gia sita za kuchagua mwenyewe.

Hukuona nyuso za watu siku ile. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alisema mgonjwa akitoka hospitali huomba uji, dada yake ameomba gari la mbio. Kisha akauliza klachi ataikanyaga na nini, na fimbo? Wengine wakacheka kwa kumfuata yeye. Ukaja wewe kwenye simu, ukasema kwa upole kama unavyosema na wagonjwa wako, kwamba mguu wa bandia hausikii chochote, na klachi inataka mguu unaosikia. Ukamwomba Mama achukue la otomatiki. Mjomba akadaka palepale. Akatoa uamuzi wake kwamba gari linunuliwe, ila liwe otomatiki, na mimi ndiye nitakayemwendesha. Likija lenye klachi, alisema, atalitia ndani ya ua wake na kuliuza, na Mama atahamia chumba cha nyuma nyumbani kwake, apumzike kama watu wazima wenzake.

Mimi nimwendeshe! Mimi ndiye mwanafunzi pekee aliyemshinda Mama. Alinifundisha mpaka akaniita Breki, na jina likanigandia mwilini. Kila nilipoweka mguu wa kushoto kwenye klachi, goti lilicheza kama cherehani, gari likaruka kama chura na kuzima. Mama alikuwa na mtindo wake wa mlimani, bila shaka unaukumbuka. Anasimamisha gari katikati ya kilima, anashuka, anaweka kiberiti nyuma ya gurudumu, anarudi kukaa na kusema, ondoka. Ukiondoka bila kukiponda kiberiti, umefuzu. Mimi niliponda viberiti mpaka jikoni tukaishiwa. Ndiyo maana hadi leo nimeendesha la otomatiki tu, na hilo nalo kwenye yadi ya magari tunayouza kazini.

Sasa niwe mkweli kwa otomatiki, maana vitabu vyake nimevisoma kuliko Mjomba. Ni ofisini kwetu ndiko gari lilikoagizwa, na gari lenyewe kiwandani linatoka kwa namna zote mbili. La otomatiki lina kasi zaidi. Linabadili gia kabla wewe hujamaliza kuwaza kuibadili, halikosei, halichoki kwenye foleni, na mlimani halirudi nyuma. Bosi wetu, ambaye unajua ni rafiki wa Mjomba wa tangu shule na ndiye aliyenipa kazi kwa heshima ya Mjomba, alimweleza Mama yote hayo siku alipokuja kulitazama la mfano. Alimwambia hata watu wa mashindano wamehamia huko. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akamwambia, "Baba, mimi sikusema nataka kuwahi. Nilisema nataka kuendesha." Bosi akacheka akadhani ni utani.

Wiki iliyofuata Mama alikuja tena na magongo yake kukamilisha maagizo. Alikaa mbele ya meza yangu kama mteja yeyote, feni ikipeperusha mtandio wake, na Bosi akiwa chumba cha pili na mlango wazi. Tulizungumza kwa sauti ya chini. Alipoondoka, niliinua simu nikaagiza gari. Niliagiza lenye gia za mkono.

Ndiyo, dada. Lina klachi. Pumua kwanza, kisha uendelee kusoma.

Lilipofika lilipelekwa gereji kabla halijaonekana na mtu. Fundi wa pale alifundishwa na Mama, anasema mpaka leo akikosea gia huhisi rula ya Mama kwenye goti. Nilimweleza shida yetu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akafunga kishikio chembamba kwenye rungu la gia. Ukikibana kwa vidole, klachi inaachia. Ukikilegeza, klachi inashika. Kwa hiyo mkono uleule wa kushoto unaobadili gia ndio unaofanya kazi ya mguu wa kushoto. Pedali ya klachi akaing'oa kabisa, ili ule mguu wa bandia usije ukaiparamia kwa bahati mbaya. Chini zikabaki pedali mbili, breki na mafuta, na mguu wa kulia wa Mama, kama unavyojua, hauna tatizo lolote.

Siku ya kulichukua pale yadi, Mjomba alikuja na suti yake ya vikao. Mjomba, dada, amebebwa kwenye gari maisha yake yote. Anajua viti vya nyuma tu. Alizunguka gari, akapiga teke gurudumu kama anavyoona watu wakifanya, kisha akafungua mlango wa dereva, akainama, akatazama chini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Akahesabu kwa kidole. Akainuka na kutangaza, "Pedali mbili. Safi sana." Rungu la gia lilikuwa mbele ya pua yake, na kile kishikio kiking'aa, ila kwa Mjomba gari ni pedali. Akamgeukia Bosi kumpongeza.

Kisha akanipa mimi ufunguo. Akasema, haya Breki, mpeleke mama yako nyumbani, taratibu.

Unajua lile lango letu la yadi. Ukitoka tu ni mlima, na pale juu unasimama kusubiri magari ya barabara kuu. Nilisimama na ule ufunguo mkononi kama mtu aliyepewa nyoka. Mama akanitazama mara moja tu. Akauchukua ufunguo, akasema hajanunua gari lake ili aende kukaa tena kiti cha pembeni. Alijiketisha kwanza, akauinua mguu wa bandia kwa mikono miwili akauingiza ndani, akafunga mlango. Nami nikakaa pembeni yake. Mjomba akapiga kelele kwamba hajamruhusu. Injini ikamjibu.

Alipanda mpaka pale juu, nje ya lango, akasimama, pua ya gari ikitazama angani. Mjomba alikuja mbio nyuma yetu, akasimama karibu kabisa, mkono juu ya buti, akitwambia tushuke. Kama gari lingerudi nyuma kidogo tu, lingemkuta. Nikaviona vidole vya Mama vikilegea juu ya kishikio, polepole, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Mlio wa injini ukazama kidogo. Gari likajikaza, likatulia palepale mlimani. Barabara ilipokuwa wazi tukaondoka, laini, bila kurudi hata unywele. Nyuma nikamsikia Mjomba akimwambia Bosi kwa furaha, tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Unaona? Otomatiki hairudi nyuma! Ningewaacha wangemletea klachi!"

Mama alicheka mpaka gia ya tatu. Kufika ya nne alikuwa ameshakasirika. Akasema sifa za kazi ya maisha yake yote zimepewa mashine, tena mashine isiyokuwemo. Kwa hiyo, dada, siri hii haitadumu. Mama mwenyewe ndiye atakayeivunja. Ijumaa ya mwisho wa mwezi atapimwa na mkaguzi wa leseni, kwa gari hilohilo na mkono huohuo, iandikwe kwenye leseni yake mpya kwamba anaruhusiwa. Ikishaandikwa, Mjomba hatakuwa na la kumtisha nalo. Na Mama anasema jioni ileile atampitia Mjomba nyumbani, amkalishe kiti cha pembeni, ampandishe mlima, amwonyeshe kila gia. Mpaka hapo, Mjomba ana ufunguo wa akiba na ana neno lake la kikao. Akijua mapema, gari litalala uani kwake na Mama chumba cha nyuma. Ndiyo maana nimekuomba ufunge mdomo wako.

Aliyejua siku ileile ni Bosi. Mtu anayeuza magari hawezi kudanganywa na pedali. Alisikia gia ya pili ikiingia, nami nikamwona kwenye kioo cha pembeni akitutazama tunavyoondoka. Kesho yake aliniita. Hakupiga kelele. Alinipa kuchagua, ama nimwambie Mjomba mwenyewe na gari libadilishwe, ama niondoke kazini. Nikamwambia kwamba mteja amepata gari analolitaka, na mimi kama karani wake sioni kosa. Kisha nikaenda kuchukua kikombe changu na sweta. Kwa hiyo sina kazi, dada. Ninaogopa, sitakuficha. Lakini kila nikijaribu kujuta, simjui wa kumwomba msamaha.

Na sasa nifike kwenye lile nililoliruka. Nimekwambia kwamba siku ya kuagiza mimi na Mama tulizungumza kwa sauti ya chini, na najua umesoma hapo ukadhani Mama ndiye aliyenishika mkono. Mjomba naye atasema hivyo, kwamba mwanamke mkaidi amemponza mtoto. Si kweli. Siku ile Mama alikuja ameshindwa. Alikaa mbele yangu, akaweka magongo sakafuni, akasema, "Agiza otomatiki, mwanangu. Nimechoka kubishana na watu wanaonipenda." Ndivyo alivyosema. Akainuka, akaenda zake, mgongo umeinama nisivyowahi kuuona.

Mimi ndiye niliyekataa. Mimi Breki, bila ya kumuuliza yeye, wala Bosi, wala Mjomba, wala wewe. Nilimtazama akivuka yadi kati ya magari yote yale, halafu nikainua simu kabla goti halijaanza kucheza. Mama mwenyewe alikuja kujua kule gereji, fundi alipomkabidhi kile kishikio. Alikibana, akakilegeza, akakibana tena. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniruhusu. Nikamwambia hakuna. Akaniambia niingie ndani ya gari, niache kusimama kama mlingoti.

Dada, wewe ulisema otomatiki kwa kumpenda, najua, na kitaalamu ulikuwa na haki. Ila hukuuona mgongo ule. Usiniandikie kunishauri tulibadilishe. Halibadilishwi.

Nikuombe sasa namna ya kunipata. Usipige ofisini, nimekwambia sipo. Usipige simu ya nyumbani, Mjomba huja mchana na huipokea yeye. Piga gereji, mwombe fundi akuitie mwanafunzi wa mwisho wa Mwalimu, nami nitakuwa karibu. Maana ninajifunza upya. Kumbe mguu wangu ndio ulikuwa mwoga, mkono hauna habari. Lakini bora zaidi uje mwenyewe hiyo Ijumaa. Ukishuka kituo cha mabasi usichukue teksi. Simama pale juu kwenye ule mlima wa lango la yadi, uwe na kiberiti mfukoni, ukitege nyuma ya gurudumu tutakaposimama. Utatusikia kabla hujatuona. Gari likipanda bila kusita, anayeendesha ni Mama. Likizima, usiondoke, ni mimi. Nitaliwasha tena.

Wasalimie wote hapo, wabusu watoto, na barua hii uifiche mbali na shemeji.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Breki