Picha za Jiwe la Mpaka

Baba Samia,

Kadi ya kamera nimeondoka nayo, usiitafute. ~~Samaki wako nimekupikia, wako kwenye sufuria ya kijani.~~ Samaki wako kwenye friji, wabichi. Kaanga mwenyewe. Samia anywe dawa saa nane.

Asubuhi nimekuuliza picha zangu ziko wapi. Ukanijibu huku unapiga mswaki, "Nimefuta yale mawe yako, nataka nafasi ya harusi ya Shomari kule Bunda." Ukaendelea kusukutua.

Unanichekaga eti napiga picha za mita, za chupa za dawa, za ukuta. Lakini fundi alipodai kwamba siye aliyepasua ukuta wetu, picha uliyomwonyesha ilikuwa ya nani?

Hayo "mawe yangu" ni jiwe la mpaka wa kiwanja cha mama pale Mwisenge. Nililipiga picha kabla jirani yake hajaling'oa. Kesho tunaitwa baraza la kata na ushahidi mwingine hatuna. Ulijua, maana ulikuwepo nikimwahidi mama kwamba nitazipeleka.

Nimempigia fundi wa kompyuta wa pale stendi. Anasema picha zilizofutwa anaweza kuzirudisha, mradi hakuna mpya zilizopigwa kwenye kadi hiyo. Kwa hiyo harusini nenda mikono mitupu. Mwambie Shomari mkeo amekataa, mimi naona sawa tu.

Zikishindikana, mimi simwambii mama. Utaenda Mwisenge wewe, ukae mbele yake, umweleze ulichofuta na kwa nini.

Mama Samia