Baba na Kizuizi cha Mvua

Baba yangu mpendwa,

Mvua imenyesha hapa Njoro tangu asubuhi, na mpaka leo ikianza kupiga bati mimi hutega sikio nikusikie ukivaa koti lako la kaunsili. Ulikuwa hutulii mvua ikinyesha. Ungetoka mbio uteremshe lile gogo lililopakwa rangi nyeupe na nyekundu, ulifunge kwa mnyororo, kisha urudi umelowa chepechepe na uso wa mtu aliyefunga duka lake vizuri. Barabara ya udongo ya kupanda Mau Narok ilikuwa mikononi mwako. Lori likipita ikiwa mbichi lilichimba mitaro ya kumeza ndama, na ni wewe na vijana wako mliotakiwa kuijaza kwa murram, ile changarawe nyekundu. Kwa hiyo kaunsili ya wilaya ilisema mvua ikinyesha hakuna gurudumu litakalopita mpaka barabara ikauke. Kaunsili ilisema, lakini wewe ndiye uliyeamini.

Wakati ule, miaka ya hamsini, wilaya ilihesabiwa kuwa ya walowezi. Wao ndio waliokaa mkutanoni Nakuru wakibishana daraja la nani lijengwe kwanza. Lakini aliyetaka kujua nani hasa anaishi ndani ya wilaya angekuja jioni kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa barabara. Kulikuwa na sisi Wamaragoli, Wajaluo wa kuvunja mawe, Waturkana wa kuchimba mifereji, na Wakipsigis walioongoza maksai wa kukokota greda. Nyumba mbili zilikuwa tupu, za majirani zetu Wakikuyu waliosombwa kwa malori wakati wa Hali ya Hatari, na Mama aliendelea kufagia mbele ya milango yao kila Jumamosi. Sisi watoto tulitukanana kwa lugha zote na kupatana kwa Kiswahili.

Kiprono alikuwa wa maksai. Unakumbuka alivyokuwa akija kuomba maji kwetu hata siku za mvua? Alipoleta wazee wake kutoka shamba la kule chini kuniposa, uliwasikiliza, ukamaliza chai yako, ukasema, “Sawa.” Basi. Baba mdogo akakuuliza kama vijana wa Kimaragoli wamekwisha duniani, nawe ukatoka kwenda kukagua mnyororo wako. Mimi nami hukuniambia kitu. Miezi yote ile nilikuwa nikiligeuzageuza lile “sawa” lako, nisijue kama ulinitoa kwa moyo au ulichoka tu kubishana.

Halafu mvua ikamwagika usiku wa kuamkia harusi. Asubuhi lori la shamba likasimama upande wa chini wa gogo, limejaa watu wa Kiprono wakiimba. Kanisa lilikuwa juu mlimani, na pasta alikuwa na harusi nyingine mchana, kwa hiyo kungoja udongo ukauke haikuwezekana. Dereva akakukumbusha kwa upole kwamba anayeolewa ni mtoto wako. Ukamletea kiti, kama ulivyomletea yule mlowezi wa maziwa uliyemzuia hapo siku moja na mikebe yake, akakutukana mpaka akachoka.

“Baba Rasoa, leo tu,” Mama akakuambia.

Ukasema barabara bado mbichi.

Baba mdogo hakukosa la kuongeza. Alisema, kwa sauti ya kufika mbali, kwamba mvua imemsemea mzee ile “hapana” iliyomshinda kusema. Nilikuwa ndani na gauni langu la kuazima, nikalisikia. Nililia, Baba, na sikulilia lori. Nililia kwa sababu nilimwamini.

Watu wengine wangeweza kutembea. Tatizo lilikuwa mama yake Kiprono, ambaye mguu wake ulivunjika zamani ukaungwa vibaya. Mtu akataja wilbaro ya kaunsili, toroli la gurudumu moja. Uliifikiria kwa dhati, ukaitazama, ukazunguka upande wa pili ukaitazama tena, halafu ukasema gurudumu ni gurudumu. Mama alicheka bila kupenda.

Ndipo ukaingia stoo ukatoka na machela, ile ya gunia na miti miwili mliyobebea mawe na murram. Ulichagua mpya. Ulitandika blanketi la kitandani kwako, ukavua viatu, ukakunja suruali ya suti, ukainama ukapita chini ya gogo. Baba wa bibi arusi kumbeba mama wa bwana arusi, hilo hakuna Mmaragoli aliyekuwa amelisikia, na nikiangalia nyuso za Wakipsigis niliona nao ni mara ya kwanza. Mama yule alikuwa amepakata kibuyu chake cha maziwa ya mursik na hataki mtu akishike.

“Panda, mama,” ulimwambia. “Sisi tunabeba mawe kila siku.”

“Kwani mimi ni mawe?”

“Mawe hayaringi hivi.”

Alicheka mpaka akalazimika kukishika kibuyu kwa mikono miwili, na akapanda. Wa nyuma walipokezana njia nzima, Mjaluo, Mturkana, hata baba mdogo, akinung'unika. Wewe wa mbele ulikataa kupokewa. Wakipsigis waliimba, sisi tukaimba yetu, nyimbo zikagongana na hakuna aliyejali. Mimi nilitembea kando yako nikiwa nimeshika viatu mkononi, tope mpaka magotini, na sijawahi kujiona mzuri kama siku ile.

Mlangoni mwa kanisa nilikuuliza kwa nini hukufungua tu.

“Ningefungua, wangesema nilimfungulia mtoto wangu,” ulisema ukihema. “Sasa watasema nilimbeba mama mkwe wake.” Kisha ukaniweka sawa shela. “Na siku ile nilisema sawa tu kwa sababu ningeongeza neno ningelia.”

Kaunsili ile ilivunjwa, Baba, na wilaya imekatwa na kupewa majina mapya mara nyingi. Mimi na Kiprono bado tunagombania blanketi. Lakini kila uchaguzi ukikaribia, watu huanza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Mwaka mmoja vijana wa ukoo wa Kiprono walisimama uani kwangu wakiwa na marungu, Kiprono hayupo, wakataka niwaambie mimi ni wa nani hapa. Nilikuwa naogopa sana. Niliwaambia mimi ni binti wa yule mzee aliyembeba bibi yao kwenye tope mpaka kanisani.

Wakatazamana. Hadithi hiyo walikuwa wamelelewa nayo, tena kutoka kinywani mwa bibi mwenyewe, na yeye kila mwaka alikuwa akiirefusha njia. Marungu yakashuka. Mmoja wao akasafisha koo, akaniuliza kama kuna chai, nami nikawawekea maji motoni.

Nakuaga nikicheka, Baba. Kiprono anasema nikusalimie.

Binti yako,
Rasoa