Vyungu vya Mama Mkwe Vinapasuka

Mheshimiwa Mshauri, nipokee na shida yangu, maana nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza. Mimi ni mchora ramani katika ofisi moja hapa mjini, nakaa Temeke na mke wangu Elinaza na mama yake, ambaye ni mfinyanzi tangu kwao Upare, na mwaka jana niliona vyungu vyake vya kitako cha mviringo havikai mezani wala juu ya stovu ya mafuta ya taa, basi nikachora chungu chenye kitako bapa, Bwana Karmali mwenye duka akakipenda akaagiza thelathini, mke wangu akampelekea mama mchoro kwa sababu kwetu mkwe hasimami mbele ya mama mkwe kumwelekeza kazi, naye, ambaye huniita Baba kwa heshima, akajibu, "Mwambie Baba nimepokea." Tangu hapo amechoma mara tatu na kila mara vimepasuka kitakoni, na majirani sasa wananunua kwingine kwa kuwa hana vya kuwauzia. Nilidhani ni udongo wa huku. Jumapili, nikiwa nyuma ya ua, nilimsikia jirani yetu Hamisa akimwuliza mama:

"Ulijua vitapasuka?"

"Nilijua kabla sijakanda udongo. Kona za kitako bapa hupasuka motoni."

"Na ukanyamaza!"

"Nimwambie mkwe wangu hajui? Uso nitauweka wapi?"

"Haya, endelea kuchoma vigae, shoga!"

Nikimzuia atajua nilisikiliza, nisipomzuia atamaliza nguvu zake kwa ajili yangu. Nifanyeje?

Gregori, Temeke

Bwana Gregori,

Pole, ila kosa ni lako. Uliambiwa "nimepokea", ukasikia "inawezekana". Mama mkwe hawezi kukukatalia, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Basi wewe uliyemletea agizo ndiwe uliondoe.

Ulichosikia uani kibaki uani. Kesho nenda kwa Karmali umwambie mchoro wako ulikosea, wala usimtaje mama. Atakukunjia uso, vumilia. Kisha Elinaza apeleke neno hili: "Baba anasema umbo lile limemshinda, anaomba umfundishe chungu kinataka nini." Hapo hutakuwa umesema uongo.

Ukiwa bado unataka chungu kikae mezani, chora kigoda cha kukiweka. Maseremala wapo Keko, na kigoda hakichomwi. Majirani wapate vyao kwanza, Karmali angoje vya kigoda.

Huenda siku moja mama akakuletea chenye kitako bapa cha namna yake, huenda asilete. Kikija, kipokee kwa mikono miwili, na kalamu iwe mfukoni.