Pindo la Vidole Vinne

4 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala vya kutosha. Mimi sijambo, ila goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, siku hizi linanijibu kila ninapolituma. Nalituma hivyo hivyo.

Nilikuambia kwa simu kwamba shoga yangu wa cherehani ya pili ametutoka. Simu inakula maneno, ndiyo maana naandika. Unamkumbuka: tulimwita Bi Kimya kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na pini mdomoni. Miaka thelathini tumekaa bega kwa bega tukishona sare za shule, na kila sare tunaiachia pindo la vidole vinne, ili mtoto akikua mzazi alishushe.

Jumatatu nilifungua droo yake nimtolee binti yake mkasi wa mama yake. Chini kabisa nikakuta kitambaa cha zambarau, bado kimekunjwa vile vile kilivyotoka dukani. Nililia pale pale. Nilikijua, maana pacha wake yuko sandukuni mwangu. Tulikatiwa kutoka jora moja, miaka ishirini na saba iliyopita, tukaahidiana kushoneana magauni msimu wa sare ukipita. Ukipita huu, unakuja ule. Tumewashonea watoto, kisha tukawashonea watoto wa watoto hao. Mwenzangu kazikwa, gauni hakulivaa.

Mimi nina miaka sitini na mitatu, na hili gauni nitalivaa. Nitalivaa nikija kukuona. Miaka sita sijakushika mkono. Niambie tarehe.

Mama yako, fundi


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Huku sijambo, nakuombea nguvu. Pole sana na msiba. Bi Kimya ndiye aliyenifundisha kutunga uzi, na siku hiyo hiyo akanisimulia ndoa zote za mtaa mzima. Nimemlilia kazini, wenzangu wakadhani ni sabuni imeniingia machoni.

Kuhusu kuja, nakuomba tungoje mwakani. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali zamu zinatubana, mashuka hayaishi. Na nyumba bado inapakwa rangi, sebuleni hakuna hata pa kumkalisha mgeni. Halafu na goti hilo, safari ya siku nzima? Haraka haraka haina baraka, mama.

Kile kitambaa cha njano ulichonitumia nimekitunza kwenye mfuko wake. Nakisubirisha siku nyumba ikikamilika, nishone kitu cha maana. Hata zile glasi sita ulizonipa boksi lake sijalifungua.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila nimejiaibisha na lazima nikuambie.

Niliazimia kushona gauni langu Jumamosi. Kwenye daftari letu la vipimo kuna ukurasa wa kwangu mimi, mwandiko wa Bi Kimya: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikatandaza kitambaa, nikachora, nikakata. Mimi, ninayewaambia wateja kila siku kwamba mwili si ukuta, lazima upimwe upya. Futi ilikuwa shingoni mwangu na sikuishusha. Kinyozi hajinyoi.

Vile vilikuwa vipimo vya miaka ishirini na saba iliyopita. Gauni lilipita kichwani, likapita mabega kwa kubembelezwa, likafika nyonga likagoma. Nilijitazama kwenye kioo, mikono juu, nimenasa, nikacheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikalia. Aliyelikusudia gauni lile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, na sikumwona alipoondoka.

Nikaenda kwa binti wa Bi Kimya, nikamweleza. Aliingia ndani akatoka na kile kitambaa cha mama yake, nilichompa pamoja na mkasi, akanipa mikononi. Nikakata vipande viwili virefu, nikaviunga mbavuni, kutoka kwapani hadi chini, kila upande kimoja. Sasa limenikaa. Nikitembea nasikia kama mwenzangu ananishikilia huku na huku, na bila shaka anaongea.

Umenikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Na mimi nakukumbusha kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Tiketi ya treni nimeshakata. Nafika tarehe 20 Mei, jioni.

Mama yako


6 Mei

Mwanangu,

Salamu tena. Mwezi mzima umepita na jibu sijaliona. Simu inaita, haipokelewi, kisha unatuma ujumbe kwamba uko kazini. Saa ishirini na nne uko kazini, hayo mashuka ni ya hospitali au ya jeshi?

Kama una hasira na mimi, sema. Kama unaumwa, sema upesi. Lakini nielewe vizuri: siombi ruhusa. Nilimwahidi mwenzangu "baadaye" kwa miaka ishirini na saba, na baadaye yenyewe niliikuta kwenye droo. Wewe sitakufanyia hivyo, wala sitakubali unifanyie mimi.

Nauliza kitu kimoja tu: nishuke kituo gani?

Mama yako, bado fundi


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Sina hasira. Nimeandika barua hii mara nne.

Hakuna nyumba, mama. Sijawahi kuwa na nyumba. Nina chumba kimoja. Kitanda, jiko la chini, msumari wa kutundikia nguo nyuma ya mlango, dirisha linalotazama ukuta. Choo tunachangia milango sita. Ile baraza niliyokuandikia mwaka wa kwanza ni ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, niliielezea huku nikiitazama. Nilidhani baada ya mwaka nitakuwa nayo na uongo utageuka kweli. Mwaka ukazaa mwaka. Kila ulipotaka kuja nikasogeza mbele, na kila nilipokutajia rangi ya sebule nilitamani kufa kwa aibu.

Miaka sita sikukuona kwa sababu ya sebule isiyokuwapo. Nisamehe.

Kama bado unakuja, shuka kituo cha mwisho. Nitakuwa pale na sare ya kazi, maana nitaomba ruhusa ya saa mbili tu. Kama huji, nitaelewa.

Mwanao mwongo


15 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ukweli wako nimeupata. Mimi mzima, na sasa nalala vizuri zaidi.

Mwongo wewe si hodari. Anwani yako inasema mlango namba kumi na nne. Nyumba ya mtu mmoja ina milango kumi na minne, wewe ni sultani? Nilijua tangu barua ya pili. Nikanyamaza, nikakuachia pindo, nikisema atakua, atalishusha mwenyewe. Hapo nilikosea, na ninakuomba radhi. Ningekuja mwaka ule ule.

Chumba kimoja ndimo nilimokuzalia, na cherehani ilikuwemo. Tutaenea.

Kituo cha mwisho. Utanijua kwa zambarau.

Mama yako


24 Mei

Mwanangu,

Hujambo na usingizi? Umetoka zamu saa moja asubuhi, umekula vijiko viwili ukadondoka, sikuwa na moyo wa kukuamsha. Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, maana najua ndivyo utakavyovitafuta kwanza.

Nimetoka na jirani yako wa mlango wa kumi na tano. Ananipeleka kuuona ule mto niliouvuka kwa treni. Miaka sita unaishi karibu nao, na ameniambia hujawahi kufika. Goti limelalamika, nimeliambia tutazungumza jioni.

Glasi nimezifungua. Moja nimevunja nikiziosha. Zimebaki tano, na sisi ni wawili, kwa hiyo zinatosha.

Kitambaa cha njano nimekitoa mfukoni. Juzi ulipolala nilikupima, kwa futi, si kwa daftari. Umepungua kiuno, umeongezeka mabega, hayo ni mashuka. Jana ulipokwenda kazini nikashonea kwa jirani, ana cherehani nzuri ila haitiwi mafuta. Gauni liko kwenye msumari, nyuma ya mlango.

Najua utageuza ncha yake kutafuta vidole vinne. Huvioni. Nimepinda kidole kimoja tu. Wewe umeshakua.

Livae leo, utufuate mtoni.

Mama yako