Besi ya Hamadi Imefika Alunguli

Alunguli, Kindu
Tarehe 12 Machi 1989

Mpendwa mdogo wangu Hamadi,

Tunakusalimu sote kwa moyo mmoja. Vipi afya yako huko Liège? Baridi imekuachia kidogo? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua wakati wa mvua, lakini sokoni anafika.

Kaseti yako tumeipata kwa mkono wa Geneviève, yule muuguzi aliyesoma huko kwenu. Anasema umeacha kuosha vyombo hotelini, sasa unaishi kwa gitaa la besi tu, na kikundi chenu kinazunguka hadi Uholanzi. Muziki wenyewe anauita metali. Ndugu yangu, nina maswali.

Kwa nini wimbo mmoja unabadili mwendo mara nyingi hivi? Tulipouwasha Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe. Mwanzo mchi ulifuata vizuri, halafu wimbo ukageuka, mchi ukagonga ukingo wa kinu. Alicheka mpaka akakaa chini. Je, watu huko wanaucheza, ao wanasimama tu? Na yule anayenguruma, koo linamuuma ao njo kazi yake? Wewe pia umefuga nywele?

Sasa Baba. Tangu ulipopanda lori la Lubutu na gitaa lako, hakuwa amelitaja jina lako. Siku ile alikuwa barazani na tasbihi yake, nikadhani atatuambia tuzime. Kumbe aliingia, akakaa karibu na radio.

"Hamadi iko wapi humo ndani?" akaniuliza.

Nikamwambia aache yale magitaa yanayolia juu, asikilize chini. Akainama, akaweka kiganja juu ya radio. Tulirudisha upande ule ule mpaka mawe ya radio yakaisha nguvu.

Jumapili iliyofuata Célestin, mkubwa wa okestra yako ya zamani, alivuka mto akaja kwetu. Chama kinataka nyimbo mpya za kuisifu serikali kwa sikukuu yake ya mwezi wa tano, naye hana mpiga besi. Alimwomba Baba akuandikie urudi, maana neno la baba mutoto hawezi kulikataa. Nilikuwa namimina chai, nikasimamisha birika. Nilijua jinsi Baba anavyotamani kukuona.

Baba alikunywa kwanza. Kisha akasema, "Célestin, tafuta mwingine. Mutoto wangu iko na kazi."

Célestin akamkumbusha kwamba wanaoomba ni wakubwa wa Chama. Baba akajibu polepole, "Nimesikia. Nami nimesema, iko na kazi."

Neno hilo la kazi, Hamadi, sikuwahi kulisikia kinywani mwake juu yako. Mpaka leo hakuna aliyekuja kutusumbua.

Jana aliniagiza nikuulize jambo lake mwenyewe: nyuzi za besi ni nene, je, hazikuumizi vidole?

Mama, shangazi Zawadi na kaka Bulaimu wanakusalimu sana. Mungu akutangulie katika kila safari, aitunze mikono yako.

Wako akupendaye bila kuchoka,
dada yako Aziza